Doa linalong'aa si kinga: dhana potofu kuhusu chipu za protini na malaria

Dhana: Chipu ya protini ni chipu ya elektroniki, kama ya simu.
Ukweli: Haina umeme ndani yake. Ni kioo chembamba kama cha hadubini, kimepigwa madoa madogo mno, kila doa na protini yake. Majimaji ya damu yakimwagwa juu, kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea) zinazoitambua protini fulani hunasa hapo. Kisha hutiwa rangi maalumu, na leza ikipita, doa hung'aa. Kwa KILchip v1.0, chipu iliyobuniwa na watafiti wa Kilifi na wenzao na kuchapishwa mwaka 2018, zilitengenezwa protini 109 za kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum.

Dhana: Inapima malaria.
Ukweli: Kipimo cha haraka cha zahanati hutafuta protini za kimelea chenyewe. Chipu hutafuta jibu la mwili, nalo huweza kubaki vimelea vikiwa vimeshakwisha.

Dhana: Doa liking'aa zaidi, mtu amekingika zaidi.
Ukweli: Hapa huteleza hata waliosomea sayansi, na ndipo ninapoomba tuwe makini kuliko popote. Mtoto anayeishi karibu na mazalia ya mbu huumwa na mbu mara nyingi, huugua mara nyingi, na madoa yake hung'aa sana. Mwanga huo unasema mwili umekutana na kimelea, basi. Ili kujua kama kingamwili zinakinga, damu huchukuliwa kabla ya msimu wa malaria, kisha watu hufuatiliwa kuona nani ataugua. Hivyo ndivyo ilivyofanyika Kambila, nchini Mali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010: protini 1,204, watu 220. Watoto wa miaka 8 hadi 10 ambao hawakuugua msimu uliofuata walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya protini 49.

Hata hizo 49 si jibu la mwisho. Ukipima protini 1,000 zisizohusiana na kinga kwa kigezo cha asilimia 5, yaani ukikubali kila moja iwe na nafasi ya asilimia 5 ya kukudanganya kwa bahati, bila kurekebisha hesabu, takriban 50 zitaonekana za maana kwa bahati tu. Tena chipu hupima kunasa, haipimi kazi. Kingamwili inaweza kuishika RH5, protini ambayo kimelea hutumia kuingia kwenye chembe nyekundu ya damu, mahali pasipozuia kuingia huko.

Dhana: Doa likibaki giza, kingamwili hazipo.
Ukweli: Huenda protini haikukunjwa kama ilivyo kwenye kimelea, kingamwili ikashindwa kuitambua. Ndiyo sababu protini nyingi za chipu ya Kilifi zilitengenezwa ndani ya seli za mamalia.

Dhana: Basi kingamwili hazitibu malaria.
Ukweli: Mwaka 1961, huko Gambia, watoto wagonjwa walipewa kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wazima wenye kinga, na vimelea vikapungua sana. Mchanganyiko ule ulikuwa na kingamwili za kila aina. Zipi kati yake zilifanya kazi ile, ndicho kinachotafutwa doa kwa doa hadi leo.