Misuli Inayoishiwa Nguvu, na Sukari Isiyo Kisukari

Mayosaitisi ni nini?
Ni uvimbe wa ndani ya misuli, unaotokea pale kinga ya mwili inapoigeukia misuli yenyewe. Hauambukizi. Huanzia kwenye mapaja, nyonga, mabega na shingo, pande zote mbili, na huzidi kwa wiki au miezi.

Nitaujuaje?
Usingoje maumivu, wengine hawaumwi kabisa. Kinachopungua ni nguvu. Umekaa kwenye mbuzi ukikuna nazi, kisha huinuki mpaka ushike ukuta. Unanyanyuka kwenye sijda kwa kusukuma sakafu, na zamani hukuwa hivyo. Unachana nywele, mkono unaanguka. Kupanda daladala mpaka uvutwe. Baadhi hutokwa na weusi wa zambarau kwenye kope na mabaka yaliyoinuka juu ya vifundo vya vidole, na jua huyazidisha.

Huenda ni uchovu wa kazi ya mwani tu?
Uchovu wa kazi huisha ukipumzika siku mbili tatu. Wiki mbili huwezi kuinuka bila kushika kitu? Huo si uchovu, nenda hospitali. Si uzee, nenda hospitali. Si upepo wala husda. Familia ikitaka kusoma dua isome, lakini mgonjwa awe ameshapimwa. Kuchuliwa mafuta na kupigwa chuku hakuzuii kinga kushambulia misuli. Miezi inayopotea huko ndiyo ambayo nyuzi za misuli hufa na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta, na msuli uliofikia hapo dawa haiurudishi.

Nimesikia ugonjwa huu una mambo ya sukari kwenye kingamwili. Niache sukari kwenye chai?
Hilo halitakutibu, na tafadhali usikae nyumbani ukijaribu. Sukari hiyo si ya kisukari.

Kingamwili za aina ya IgG ni protini za kinga ya mwili zenye umbo la herufi Y. Katika shina la kila moja kuna vishada viwili vidogo vya sukari, kimoja kwa kila mnyororo mzito, na seli za kinga hulishika shina hilo ili zipokee amri. Kishada chenye galaktosi na asidi ya siali, ambazo ni aina za sukari, huelekea kutuliza. Galaktosi ikipungua, kingamwili huelekea kuchochea uvimbe. Upungufu huo ulielezwa mwaka 1985 kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo. Baadaye mabadiliko ya vishada hivi yakaonekana pia kwa wagonjwa wa mayosaitisi, wakiwemo wenye kingamwili iitwayo anti-Jo-1, ambayo mara nyingi huandamana na ugonjwa wa mapafu.

Vishada hupachikwa ndani ya seli zinazotengeneza kingamwili. Mashine ya kuchoma kidole haivioni. Kwa sasa ni elimu ya maabara za utafiti. Dawa yako haichaguliwi kwa kuvipima.

Hospitali watapima nini?
Kwanza CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia. Hapa pana mtego: ALT na AST, vipimo vilivyozoeleka kuwa vya ini, hupanda pia misuli ikiumia. Ukiambiwa ini lina kasoro na huku huwezi kuinuka, uliza kuhusu CK.

Nimepata nafuu. Naweza kuacha prednisoloni, dawa niliyopewa ya kutuliza kinga?
Usiache ghafla. Usiache ghafla hata kama unajiona mzima. Dozi ya kuanzia mara nyingi hukaribia miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 huweza kupewa vidonge 12 vya miligramu 5 kwa siku. Hupunguzwa polepole kwa miezi, kwa sababu tezi zako zimeacha kutengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hii. Ukikata ghafla, shinikizo la damu laweza kuporomoka ukafa. Dawa hii ndiyo inayoweza kupandisha sukari ya damu, kwa hiyo sukari hiyo ipimwe. Ramadhani ikikaribia, zungumza na daktari mapema. Wengi wanaoruhusiwa kufunga huimeza wakati wa daku. Na kununua vidonge vichache dukani kila ukilegea huficha ugonjwa bila kuutibu.

Dalili gani haingoji asubuhi?
Maji au chakula kupalia au kurudi puani, kukosa pumzi, kushindwa kuinua kichwa kwenye mto wa kulalia, au mkojo wa rangi ya chai kavu. Nenda wakati huohuo. Aliyeko Pemba asikae akingoja boti ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Aanzie hospitali ya Abdalla Mzee au ya Chake Chake, na daktari ndiye aamue kumsafirisha. Njiani msimlishe uji akiwa amelala: ukiingia kwenye mapafu utamletea nimonia.