Saratani ya medula ya thairoidi, na kwa nini matibabu yake ni tofauti

Huku Kigoma mtu akiota uvimbe shingoni, watu husema ni goita, kisha humhimiza ale chumvi yenye madini joto. Mara nyingi ni goita kweli. Uvimbe mwingi wa tezi ya thairoidi si saratani. Hata ikiwa saratani, zile aina za kawaida huanzia kwenye seli zinazofyonza madini joto. Ndiyo maana baada ya upasuaji baadhi ya wagonjwa hupewa madini joto yenye mionzi: seli zilizobaki huyafyonza, zikafa.

Saratani ya medula ni habari nyingine. Huanzia kwenye seli C za tezi hiyohiyo, zinazotengeneza homoni ya kalsitonini. Hizi hazifyonzi madini joto, kwa hiyo dawa ile ya mionzi haizidhuru, na chumvi ya Uvinza, pamoja na faida zake zote, haizuii saratani hii. Ni adimu: haifiki wagonjwa 5 katika kila 100 wa saratani ya thairoidi.

Kwa hiyo uzito wote huangukia upasuaji wa kwanza. Kwa kawaida huondolewa tezi nzima pamoja na tezi za limfu za katikati ya shingo, kisha mgonjwa humeza vidonge vya homoni maisha yake yote. Kabla ya kisu hupimwa kalsitonini, ili kukadiria ugonjwa umeenea kiasi gani. Huchunguzwa pia kama kuna uvimbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, maana ukiwepo bila kujulikana, presha yaweza kupanda vibaya mno mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi. Anayepewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Dar es Salaam aulize mapema, kabla ya kukubali tarehe: ni saratani ya aina gani, na vipimo hivi vimefanyika?

Kisha kuna watoto. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne ameirithi, kupitia hitilafu ya jeni ya RET, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi hitilafu hiyo. Mtoto akigundulika nayo, tezi yaweza kuondolewa kabla saratani haijaanza. Mgonjwa asiwafiche ndugu zake jambo hili, hata kama ni zito kulitamka.

Ugonjwa ukibaki baada ya upasuaji, si lazima dawa kali zianze papo hapo. Kalsitonini ikipanda polepole na mgonjwa hana dalili, daktari anaweza kushauri kumfuatilia kwa vipimo tu. Dawa zinazolenga RET, kama selpercatinib iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hutumika ugonjwa ukienea au ukikua haraka.