Fangasi wa hamira kwenye kucha: ni nini, na kwa nini hupenda mikono yenye maji

Fangasi wa hamira kwenye kucha ni maambukizi yanayoletwa na kandida, kimelea cha chembe moja moja kilicho katika kundi moja na hamira tunayotia kwenye maandazi. Kandida si mgeni mwilini. Watu wengi wazima wanaye mdomoni, tumboni au ukeni, na hawajui kabisa kama yupo. Anakuwa ugonjwa akipata upenyo, na kwenye kucha za mikono upenyo huo mara nyingi hufunguliwa na maji.

Angalia vidole vya mama anayepara sato pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Tangu alfajiri mkono mmoja umemshika samaki, mwingine una kisu, na beseni la maji haliko mbali. Ule utando mwembamba wa ngozi unaoziba shina la kucha hulainika, kisha hubanduka. Mwiba wa pezi ukichoma hapo, mambo huwa mabaya zaidi. Kati ya ngozi na kucha hutokea kijifuko, humo huingia maji, sabuni na ute wa samaki, na hakipati nafasi ya kukauka kabla samaki mwingine hajaletwa. Kandida hukaa humo kwa raha zake. Ngozi inayozunguka kucha huvimba ikawa mviringo na nyekundu au nyeusi kuliko kawaida, huuma ikibonyezwa, na pengine hutoa tone la usaha. Kucha yenyewe huota ikiwa na mabonde ya kukingama, na pembeni hugeuka kahawia. Ukiona ukijani, huo kwa kawaida ni wa bakteria aitwaye Sudomonasi, aliyejipenyeza kwenye unyevu uleule.

Mitaani wengi wataita hali hii mdudu wa kidole. Mdudu halisi, yule anayevimba ghafla na kumnyima mtu usingizi kwa mapigo, huwa ni bakteria, na huenda akahitaji kupasuliwa usaha utoke. Kandida huja polepole. Uvimbe ukipita wiki sita, madaktari huuhesabu kuwa sugu.

Niseme wazi kwamba kuwaambia watu hawa wawe wasafi ni kuwaonea. Muuza samaki, dobi, mama ntilie na muosha glasi wa baa wananawa kuliko sisi wengine, na kunawa huko ndiko kunakowaponza. Wengine walio karibu na hatari ni wenye kisukari, wenye kinga iliyoshuka kwa VVU au kwa dawa, na watoto wanaonyonya kidole gumba.

Vidole vya miguu vina habari nyingine. Kandida hufika huko pia, lakini kucha ya mguuni iliyonenepa, ikawa ya njano na kumeguka kuanzia ncha, mara nyingi ina fangasi wa kundi lingine, wale wanaoleta muwasho kati ya vidole kwa mtu anayeshinda ndani ya buti la mpira. Tofauti hii si ya vitabuni tu, maana dawa hazifanani. Griseofulvini, ambayo bado inaandikwa sana, haimfanyi kandida chochote. Terbinafini ni kali kwa fangasi wa miguuni, ila kwa kandida ni dhaifu. Yeye hutibiwa kwa flukonazoli au itrakonazoli, au kwa krimu kama klotrimazoli ikiwa shida ingali kwenye ngozi ya pembeni.

Ndiyo maana kipimo huja kwanza. Mtaalamu wa maabara hukwangua unga wa kucha, huulainisha kwa potasiamu haidroksaidi na kuuweka chini ya hadubini. Hata hivyo kandida kuonekana hapo hakumtii hatiani moja kwa moja. Madaktari wengi wa ngozi siku hizi huuona uvimbe sugu wa pembeni ya kucha kama ngozi iliyoungua kwa maji na sabuni, kandida akiwa amefuata baadaye. Kwa hiyo usishangae daktari akikupa krimu ya kutuliza uvimbe badala ya dawa ya fangasi. Na si kila kucha mbovu ina fangasi: soriasisi, ugonjwa wa ngozi kutoa magamba, huiga fangasi vizuri sana, na mstari mweusi mpya unaozidi kupanuka chini ya kucha moja unahitaji daktari mapema, maana unaweza kuwa saratani.

Ukavu ndio nusu ya tiba. Glavu za mpira zivaliwe juu ya glavu nyepesi za pamba, kwa sababu jasho ndani ya mpira ni maji vilevile. Saluni wasikate ule utando wa shina, na kucha za bandia zingoje. Uvumilivu pia unahitajika: kucha ya mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo mpya hukamilika baada ya miezi 6 hivi. Ya dole gumba la mguu huchukua miezi 12 hadi 18.

Vidonge vya ketokonazoli usivinunue kwa ajili ya kucha. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilibana matumizi yake mwaka 2013 na ikaonya tena mwaka 2016, kwa sababu vinaweza kuharibu ini vibaya. Kama una vidonge hivyo nyumbani, mpelekee daktari avione kabla hujameza kingine.