Si Mwili Uliozoea Dawa: Maswali na Majibu Kuhusu Mageuko ya Viumbe na Afya ya Nyumbani

Ukitaja neno mageuko, wengi tunakumbuka ule mchoro wa kitabu cha historia cha shule ya msingi: sokwe kainama, anayemfuata kainuka kidogo, wa mwisho kasimama wima kashika mkuki. Kisha Zinjanthropus, Bonde la Olduvai, 1959, mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba shughuli ile ile inaendelea leo kwenye chandarua cha chumbani na kwenye droo yenye vidonge vilivyobaki. Maswali haya ndiyo ninayokutana nayo zaidi ninapofundisha afya kwenye vikundi. Nimeyaacha kama yanavyoulizwa.

Mimi si mwanasayansi. Habari za nyani na binadamu wa kale zinanihusu nini?

Nyani tumweke pembeni kwanza. Mageuko ni hivi: katika kundi lolote la viumbe, wote hawafanani. Wengine wamezaliwa na kitu kinachowasaidia kuishi mazingira yakibadilika, wengine hawana. Wenye nacho wanazaa zaidi na kuwarithisha watoto, na baada ya vizazi kadhaa kundi zima limekuwa jingine.

Kwetu binadamu kizazi ni miaka ishirini na kitu, kwa hiyo hatuoni lolote likitokea. Mbu anatoka yai hadi utu uzima kwa wiki moja na nusu au mbili. Baadhi ya bakteria wa tumboni, wakipata joto na chakula, wanagawanyika kila baada ya dakika 20. Wao wanaweza kugeuka kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, na dawa iliyokuponya zamani ikawa haiwatishi.

Amoksilini hainisaidii tena, mwili wangu umeshaizoea. Nihamie ipi?

Hilo neno "umeizoea" ndilo ningependa tulitupe, kwa sababu linaficha kila kitu. Zipo dawa ambazo mwili huzoea kweli, kama baadhi ya dawa kali za maumivu na za usingizi. Antibiotiki kama amoksilini si mojawapo. Shabaha yake ni bakteria, na mwili wako ni uwanja tu wa mapambano.

Na bakteria nao hawakuzoea. Hakuna aliyefanya mazoezi akawa shupavu. Kila bakteria anapogawanyika ananakili maelekezo yake yote ya urithi, na kama mwanafunzi anayenakili daftari zima la mwenzake usiku mmoja, haikosi herufi itakosewa. Makosa mengi hayana faida, mengine yanamuua. Ila mara moja moja kosa linampa, kwa mfano, uwezo wa kuivunja dawa kabla haijamdhuru. Kabla hujameza kidonge, bakteria huyo alikuwa mmoja asiyejulikana kati ya mamilioni. Ukimeza, majirani zake wanakufa, yeye anabaki na uwanja mzima na chakula chote.

Chukua chekeche la unga. Ukichekecha, zinabaki chenga. Chekeche halikuzitengeneza, unga ulitoka nazo mashineni. Tofauti ni kwamba chenga hizi zinazaana, na bakteria wana tabia nyingine mbaya zaidi: wanaweza kupeana kipande cha urithi chenye usugu, yaani uwezo wa kuishinda dawa, hata wasio wa aina moja.

Ingekuwa ni mwili unaozoea, mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja dawa angekuwa salama. Hayuko salama. Anaweza kuzaliwa leo, akaambukizwa bakteria sugu wodini, na dawa ya kwanza ya maisha yake ikashindwa. Usugu ule uliandaliwa na watu asiowajua.

Sasa, kuhusu kuhama. Ikiwa dawa haikufanya kazi, huenda ulichokuwa nacho ni mafua au kikohozi cha virusi, ambacho antibiotiki haikigusi kabisa. Huenda dawa haikuwa ya ugonjwa huo. Au huenda bakteria ni sugu kweli, na hapo jibu ni kipimo cha kuotesha vimelea, mara nyingi kwa mkojo ikiwa ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), ili maabara ione dawa gani inawaua. Kuruka moja kwa moja kwenye antibiotiki nyingine kama azithromycin kwa sababu shemeji alipona nayo ni kubahatisha. Mteja anayesimama dirishani na kusema "nipimie za elfu moja" anapewa vidonge sita mkononi, vya kutosha kuua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wenye nguvu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hili hili, dozi pungufu ya kujitibu mwenyewe, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Miaka themanini, na bado tunapimiwa za elfu moja.

Klorokwini ilikwenda wapi? Ilikuwa inatuponya vizuri.

Waliokula klorokwini utotoni hawasahau uchungu ule ulioganda ulimini, wala muwasho wa usiku kucha, mtu anajikuna kama kaingia kwenye upupu. Lakini ilikuwa rahisi na iliponya.

Vimelea vya malaria vilivyo sugu kwa klorokwini vilijitokeza Asia ya Kusini-Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilishagunduliwa Afrika Mashariki, na uchunguzi wa jeni ulikuja kuonyesha kwamba usugu wa huku ni mjukuu wa ule wa Asia. Ulisafiri ndani ya damu za watu na matumbo ya mbu. Huku watu waliendelea kunywa klorokwini kwa kila homa, kila kijiji kikawa chekeche. Malawi iliiacha mwaka 1993, Kenya 1998, Tanzania 2001, zote zikahamia dawa nyingine ya malaria, SP (salfadoksini na pirimethamini). Nayo SP haikudumu. Kenya ilitangaza kuhamia dawa mseto mwaka 2004, Tanzania 2006. (SP anayopewa mjamzito kliniki ni jambo jingine. Ile ni kinga na bado ina manufaa, mama asiikatae.)

Kinachonifurahisha mimi ni kilichofuata Malawi. Baada ya miaka kumi na zaidi bila klorokwini, watafiti waliijaribu tena kwa watoto wa Blantyre wenye malaria. Kati ya watoto 80, ilishindwa kwa mmoja tu. Vimelea havikusahau vilichojifunza, maana havikuwa vimejifunza chochote. Usugu una gharama: kimelea kilichoubeba hakistawi vizuri kama mwenzake pale ambapo dawa haipo. Klorokwini ilipoondoka, vimelea vya kawaida vilishinda mashindano, vile sugu vikapungua hadi kutoonekana.

Basi irudishwe!

Ikirudi peke yake, chekeche linarudi pale pale.

Na mseto nao utashindwa?

Mseto umeundwa kwa kuwaza hilo. Ndani ya vidonge vya ALu, vile vya manjano, kuna artemetha, inayoua vimelea kwa kasi lakini inatoka mwilini baada ya saa chache, na lumefantrini, inayokaa siku kadhaa ikiwamaliza waliobaki. Kimelea kikiponyoka moja, kinakutana na ya pili. Ndiyo maana TB huanza kutibiwa kwa dawa nne pamoja, na ARV huunganisha dawa tatu: tuseme kimelea kimoja kati ya milioni kina kosa linalokiokoa na dawa moja; cha kuokoka mbili kwa mpigo utakitafuta kwenye milioni mara milioni.

Hata hivyo dalili zipo. Mwaka 2020 watafiti waliripoti Rwanda vimelea vyenye badiliko la jeni linaloitwa R561H, linalofanya vichelewe kufa kwa dawa za jamii ya artemetha. Mabadiliko ya aina hiyo yameonekana Uganda pia, na R561H imepatikana mkoani Kagera. Wagonjwa wengi bado wanapona kwa sababu dawa mwenza inafanya kazi, kwa hiyo usiogope kumeza. Ogopa kumeza nusu. Na chai ya artemisia iache: inampa kimelea kiasi kidogo cha dawa, peke yake, bila mwenza. Ukitaka kuzalisha usugu kwa makusudi, usingepata njia bora zaidi.

Chandarua kina dawa, mbona mbu wanatua na kukaa tu?

Kwa sababu ni wajukuu wa waliopona. Dawa ya kawaida ya chandarua ni ya jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, hilo hilo linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mbu wengi wa huku sasa wana vimeng'enya (kemikali za mwilini) vingi vinavyoisaga sumu hiyo kabla haijafika kwenye mishipa ya fahamu. Usiku ukimulika tochi unamwona: katua kwenye nyuzi, miguu ya nyuma kainua juu, anasubiri mkono wako uegemee ukuta wa chandarua. Miaka ishirini iliyopita angekuwa chali sakafuni.

Watafiti hawakukaa. Vipo vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayozuia vile vimeng'enya visifanye kazi, na vilijaribiwa Muleba mkoani Kagera. Vingine vina dawa ya pili, klorofenapiri, inayovuruga namna mwili wa mbu unavyotengeneza nguvu. Jaribio la Misungwi, Mwanza, lililochapishwa 2022, lilionyesha kwamba kwa watoto waliopewa vyandarua hivyo, malaria ilipungua kwa asilimia 44 katika miaka miwili ikilinganishwa na chandarua cha kawaida. Shirika la Afya Duniani likavipendekeza mwaka 2023. Wakigawa kipya kata yenu, chukua, hata kama cha zamani bado kinaonekana kizuri. Na kwa sasa kichomekee chini ya godoro na uzibe matundu: wavu mzima unazuia hata mbu asiyeogopa dawa.

Mtoto wetu ana siko seli. Kwa mume wangu wanasema nimeleta mkosi kwenye ukoo.

Pole mama. Kwanza hesabu: mtoto hawezi kupata selimundu (siko seli) kamili, yaani aina ile iliyo ya kawaida kwetu, bila kurithi jeni moja kwa mama na moja kwa baba. Wanaokunyooshea kidole wakumbuke damu yao imo.

Kwa nini jeni hiyo imejaa kwetu? Mwaka 1949 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba wenye jeni hiyo ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, palipo na malaria, na wachache nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha jibu: mwenye jeni moja tu hana ugonjwa, na amekingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Watoto wa namna hiyo walipona malaria iliyoua wenzao, wakakua, wakaoa na kuolewa. Mababu wa mtoto wako, pande zote mbili, walivuka kwa jeni hiyo. Yeye amepata mbili, na hapo ndipo inapoumiza.

Tahadhari moja: kinga ni ya mwenye jeni moja. Mwenye ugonjwa wenyewe hana kinga hiyo, na malaria kwake ni hatari zaidi, kwa hiyo chandarua na dawa za kinga alizoandikiwa zisikosekane. Uliza kliniki kuhusu penisilini ya kila siku hadi atimize miaka mitano, chanjo, na dawa iitwayo haidroksiyurea. Wewe na mume wako, kama ninyi wawili kila mmoja ana jeni moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Mimba iliyopita haipunguzii inayofuata.

Maziwa yananivuruga tumbo, jirani yangu Mmasai anakunywa lita nzima. Ana dawa?

Ana mababu wafugaji. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Utafiti uliochapishwa 2007, uliohusisha makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, ulikuta badiliko la jeni linaloendeleza kimeng'enya hicho utu uzimani, tofauti kabisa na lile la Wazungu, na lenye umri wa miaka elfu chache tu. Wewe jaribu mtindi. Bakteria wameshapunguza sukari hiyo.

Nikiyakubali haya nitakuwa nimeikana dini yangu?

Hilo muulize shehe au padri wako, si mimi. Ninachojua, mbu haulizi.

Nina vidonge vinane vya mseto vimebaki kwenye droo. Nivitunze kwa homa ijayo?

Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kila mara, mara sita, siku tatu, na chakula chenye mafuta au maziwa kidogo ili dawa ifyonzwe. Vinane vilivyobaki ni siku ya tatu nzima. Ulijisikia nafuu siku ya pili, ukaacha.

Usivitunze, usimpe mtoto, usivitupe chooni. Virudishe kwa mfamasia au kituo cha afya. Homa ikirudi, kapime upya, na ukifika kwa daktari mwambie ukweli kwamba dozi iliyopita ulikatisha siku ya pili. Ukimwambia ulimaliza, ataandika kwenye faili kwamba dawa imeshindwa.