Je, wajua kwa nini maoni ya shahidi mtaalamu hukabidhiwa upande wa pili kabla ya kesi ya jinai kusikilizwa?

Shahidi aliyeona gari likitoroka usiku anaweza kuhojiwa papo hapo: ulisimama wapi, palikuwa na taa, ulikuwa mbali kiasi gani? Mtaalamu wa vinasaba hahojiwi hivyo. Yeye hutoa maoni, na maoni hayo yamejengwa juu ya vipimo, hesabu na kumbukumbu za maabara. Wakili anayezisikia kwa mara ya kwanza mahakamani hajui hata aanzie wapi. Anahitaji muda, na mara nyingi anahitaji mtaalamu wake mwenyewe wa kuzipitia.

Katika mahakama za shirikisho za Marekani, Kanuni ya 16 ya mwenendo wa jinai zamani ilitaka muhtasari wa maandishi tu. Tangu Desemba 2022, utetezi ukiomba, upande wa mashtaka hutakiwa kueleza maoni yote ya mtaalamu, misingi na sababu zake, sifa zake, machapisho yake ya miaka 10 na kesi alizotolea ushahidi wa kitaalamu katika miaka 4 iliyopita. Utetezi ukishapewa, nao huwajibika vivyo hivyo kwa wataalamu wake. Mimi naithamini zaidi orodha ya kesi, kwa kuwa kupitia hiyo wakili hugundua kama mtaalamu aliwahi kusema kinyume na anachosema leo. Jaji ndiye hupanga tarehe ya mwisho, mapema kiasi cha kumwezesha mpinzani kujiandaa.

Lakini ripoti nzuri inaweza kunyamazia jambo kubwa. Uingereza, mwaka 1999, mwanasheria Sally Clark alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Watu wengi hukumbuka takwimu iliyotajwa na shahidi mmoja, kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni 1 kwa milioni 73. Takwimu hiyo ilikuwa na kasoro kweli, ila kilichobeba rufaa yake ya pili kilikuwa kingine. Daktari aliyeuchunguza mwili wa mtoto wa pili alikuwa na majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria aina ya Staphylococcus aureus, hata katika majimaji ya uti wa mgongo, ishara kwamba huenda mtoto alikufa kwa maambukizi. Hakuyataja, na mawakili wa mama yule hawakujua kwamba yapo. Wangewezaje kuyaomba?

Hapo ndipo wajibu unapomwangukia mwenye taarifa: atoe na kile anachodhani hakina maana, kwa sababu pengine mtaalamu wa upande wa pili angekisoma tofauti. Majibu yale yalikuwepo tangu Februari 1998, zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya hukumu. Sally Clark aliachiwa huru Januari 2003.