Pawasaplai ya bei ghali: nembo ya dhahabu haikwambii kila kitu

Mtu anayeunda kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya nguvu, tuseme GeForce RTX 4090 inayokula wati 450 peke yake, mara nyingi huifikiria pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa kulisha kompyuta, mwishoni kabisa, pesa ikiwa imebaki kidogo. Hata yule aliyetenga fungu la kununua iliyo bora huishia kusoma vitu viwili juu ya boksi: idadi ya wati na rangi ya nembo. Nimefungua pawasaplai nyingi, nzima na zilizoungua, na naamini ubora wake haupo kwenye maandishi hayo makubwa. Hizi hapa dhana tano ninazozisikia, na majibu yangu.

“Ina nembo ya Gold au Titanium, kwa hiyo ni imara.”

Gold na Titanium ni madaraja ya nembo za 80 PLUS. Nembo hizo zilianza mwaka 2004, na jambo kuu zinalopima ni ufanisi: katika umeme unaovutwa ukutani, kiasi gani kinafika kwenye kompyuta na kiasi gani kinapotea kama joto. Kwenye volti 230, Gold inatakiwa kufikisha asilimia 92 mzigo ukiwa nusu, na Titanium asilimia 96. Tupige hesabu. Kompyuta inayokula wati 400 itavuta ukutani wati 435 hivi kupitia Gold, na 417 kupitia Titanium. Tofauti ni wati 18. Ukiitumia saa nne kila siku, kwa mwaka mzima umeokoa uniti 26 za umeme. Kupungua kwa joto kuna faida, maana feni hutulia, lakini usinunue Titanium ukitegemea LUKU ikurudishie pesa yako. Tena vipimo hivyo hufanyika kwenye joto la nyuzi 23, hali ambayo kasha lililosukumwa chini ya meza Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari haliijui.

Nembo haisemi lolote kuhusu usafi wa umeme unaotoka. Ile laini ya volti 12 haijanyooka kabisa. Juu yake kuna mtetemo mdogo wa kupanda na kushuka. Kiwango cha ATX, yaani mwongozo wa vipimo vya pawasaplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu hadi milivolti 120 za mtetemo huo. Pawasaplai nzuri kweli hubaki chini ya 30 hata ikibebeshwa mzigo wote. Mtetemo ukizidi, kapasita (vipande vidogo vinavyohifadhi umeme) za mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na za kadi ya picha ndizo zinazoubeba, zikipata joto na kuzeeka kabla ya wakati. Mita ya mkononi itaonyesha 12.1 na kukutuliza. Mtetemo wenyewe huonekana kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme. Ndiyo maana tathmini isiyo na picha za osiloskopu mimi siihesabu kuwa tathmini.

“Wati ni wati.”

Geuza pawasaplai, soma jedwali lililobandikwa ubavuni, tafuta ampea za volti 12. Ya wati 1000 halisi itaandikwa ampea 83 hivi, maana 83 mara 12 ni 996. Ukikuta boksi limeandikwa 500 huku volti 12 ikiwa na ampea 18, hapo una wati 216 za kulisha prosesa na kadi ya picha. Hesabu iishie hapo.

Pia si kweli kwamba ya wati 1000 itakula wati 1000 muda wote. Inatoa kile kompyuta inachoomba. Nafasi ya ziada inahitajika kwa sababu kadi za kisasa huruka ghafla, kwa muda mfupi mno, kupita kiwango chao. Mwongozo wa ATX 3.0 wa mwaka 2022 unataka pawasaplai za kadi hizo zihimili hata mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100, yaani sehemu 100 tu kati ya milioni za sekunde moja. Ya zamani inaweza kujizima katikati ya mchezo, na mwenyewe akalaumu kadi.

“UPS ninayo, pawasaplai yoyote itafaa.”

Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi, kwa sababu kwetu umeme hurukaruka. UPS ya kawaida, lile boksi la betri ya akiba, haishiki papo hapo. Huchukua milisekunde kadhaa, pengine 10, kuhama kwenda kwenye betri. Katika mwanya huo kompyuta inaishi kwa akiba ya kapasita kubwa iliyo ndani ya pawasaplai. ATX 3.0 inataka akiba hiyo idumu milisekunde 17 mzigo ukiwa asilimia 80. Lakini kapasita kubwa ni ghali, na watengenezaji wengine hubana hapo hapo, hata kwenye bidhaa za bei ya juu. Halafu UPS nyingi za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawasaplai hulikataa na kuzima.

Jaribio lake ni rahisi. Hifadhi kazi zako, endesha mchezo au programu nzito, kisha chomoa UPS ukutani. Kompyuta ikizima wakati betri imejaa na UPS inamudu wati zake, basi ama UPS ama pawasaplai haikufai.

“Chapa ni ile ile, ubora ni ule ule.”

Corsair, kwa mfano, huuza pawasaplai zilizotengenezwa na viwanda vingine, kikiwemo CWT. Seasonic hutengeneza zake. Kwa hiyo tathmini modeli, usitathmini jina. Waranti ya miaka 12 ya Seasonic Prime Titanium inasema kitu kuhusu imani ya mtengenezaji, ila muulize muuzaji wako ikifa ataipokea nani.

“Waya za kuchomeka za pawasaplai tofauti zinaingiliana.”

Hapana! Upande wa kompyuta ndio wenye kiwango kimoja. Upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na soketi inaweza kukubali waya ngeni huku volti 12 ikienda mahali pa volti 5. Nimeletewa diski mbili zilizokufa hivyo siku moja, zikiwa na picha za harusi ndani. Ukibadilisha pawasaplai, toa waya zote za zamani, zifunge pamoja na ile ya zamani, na uandike jina lake juu ya mfuko.