Raila hakuwahi kuwa mbunge wa Kibra

Nahariri wasifu na vipeperushi vya wagombea wa Nairobi, na kila msimu wa kampeni naletewa sentensi ileile: "Kibra, kiti alichokalia Raila Odinga kwa miaka 20." Naikata. Mteja anairudisha. Naikata tena, naambiwa "lakini kila mtu anajua."

Kila mtu amekosea basi. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 hapakuwa na eneobunge liitwalo Kibra. Raila aliingia bungeni Desemba 1992 kupitia Lang'ata, kiti kilichokuwa cha Philip Leakey wa chama cha KANU, na Lang'ata ndiyo aliyoiwakilisha mpaka 2013. Mtaa wa Kibera ulikuwa ndani yake, na Karen pia: vyumba vya mabati na majumba yenye ua wa ekari nzima, wote wakichagua mbunge mmoja. Kwa kuwa sauti ya Raila ilisikika zaidi Kibera, watu wakahamisha kiti kizima huko vichwani mwao.

Katiba ya 2010 ilipandisha idadi ya maeneobunge kutoka 210 hadi 290. Nairobi, iliyokuwa mkoa wenye maeneobunge 8, ikawa kaunti yenye 17. Embakasi peke yake ilizaa matano. Lang'ata ikagawanywa mara mbili. Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise zilibaki na jina la zamani. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course zikawa Kibra. Mbunge wa kwanza wa Kibra, kwa hiyo, ni Ken Okoth. Alipofariki Julai 2019, ndugu yake Imran alikitwaa kiti katika uchaguzi mdogo wa Novemba mwaka huohuo, na 2022 akaingia Peter Orero. Orodha nzima ni fupi hivyo. Sioni kwa nini inawashinda watu.

Dawa yangu ni moja na nimeirudia mpaka nachekwa: usiandike jina la eneobunge bila kuweka mwaka pembeni. Mwenye shaka afungue Gazeti Rasmi la Serikali la 2012, mipaka imo humo wadi kwa wadi.

Hata hiyo "miaka 20" ina pengo. Raila alipotoka chama cha FORD-Kenya kwenda NDP, ilibidi akiachie kiti na kurudi kwa wapiga kura, akashinda uchaguzi mdogo wa Machi 1997. Sheria hiyo ya kuhama chama ilitungwa 1966 kuwabana waliomfuata Jaramogi, babake Raila, kwenda chama cha KPU. Baba na mwana, sheria moja. Hayo ndiyo ningependa kuyasoma kwenye kipeperushi, lakini hakuna anayeniuliza.

Madai mengine ninayoletewa nayamaliza haraka. Eti 2013 Raila angeweza kubaki na kiti huku akiwania Ikulu kama alivyofanya 2007? Katiba ya zamani ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa, ndiyo maana 2007 alipigania Lang'ata na urais siku moja. Ya 2010 inamkataza rais kushika wadhifa mwingine wowote wa umma.

Eti Lang'ata ni ngome ya jamii moja tangu zamani? 1974 ilimchagua Mwangi Mathai, Mkikuyu, 1979 ikamchagua Leakey, Mzungu, ndugu yake Richard Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya kale.

Eti Kibaki, rais wa tatu, alikuwa mbunge wa Othaya tangu uhuru? 1963 alichaguliwa Doonholm, hapahapa Nairobi, na 1969 akaponea chupuchupu katika eneobunge la Bahati mbele ya Jael Mbogo. Othaya alienda 1974.

Na eti mheshimiwa fulani "alituletea" eneobunge jipya. Mipaka huchorwa na tume ya uchaguzi na mipaka, kwa Kifungu cha 89 cha Katiba, kila baada ya miaka 8 hadi 12, kwa kuzingatia idadi ya watu. Mijini tofauti na wastani wa watu kwa kila eneobunge inaruhusiwa kufika asilimia 40. Mbunge anaweza kutoa maoni, kama mimi na wewe.

Kipeperushi cha mwisho nilikirudisha juzi kikiwa kimejaa wino mwekundu. Mteja amepiga simu kuuliza kama "mbunge wa Kibra ya zamani" itapita. Haitapita.